Ufunguo wa Ziada

Wifi yangu ni fundi funguo. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia alichomfanyia kaka yangu kwenye kompyuta wananiuliza kasomea wapi, nami nawajibu kasomea kibandani, kwenye unga wa shaba. Wengine wanacheka. Na wacheke. Mimi namjua nje ndani, na leo nitamsifu mbele ya watu, jambo ambalo mawifi hawafanyiani bure bure.

Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, kinatazamana na kiwanda kidogo cha uchapaji ninakofanya kazi. Mimi nashona vitabu. Karatasi zikishakunjwa nazipanga, nazitoboa, natia uzi, natia gundi mgongoni, kisha nazipeleka kwenye mashine ya kukatia. Kaka yangu yuko chumba cha mbele, ni mpangaji wa kurasa: maandishi yanaingia kwake yakiwa fujo tupu, yanatoka yakiwa kitabu. Zamani zile kabla hajaoa, alipoteza ufunguo wa droo yake akavuka barabara kuchongewa mwingine. Wiki iliyofuata akapoteza tena. Halafu tena. Nikamwambia, "Kaka, huo si upotevu, huo ni ugonjwa, na dawa yake ni kupeleka posa." Akapeleka. Mpaka leo droo ile ina funguo nyingi kuliko vitu vilivyomo ndani.

Huyo ndiye mwanamke tunayemwita Mama Funguo. Ni mfupi, ana sauti inayovuka barabara bila kusubiri magari yapite, na nywele zake zikipigwa na jua zinameremeta kwa ule unga unaoruka kwenye mashine. Ana sheria moja ambayo wateja wote wanaijua: hachongi ufunguo mmoja. Ukija unataka mmoja, anakuuliza, "Na wa ziada?" Ukisema huhitaji, anazima mashine. "Basi nenda. Siku ukifungiwa nje uje uniite nikuvunjie kitasa. Kuvunja napenda pia." Watu wananung'unika, lakini wanachonga funguo mbili. Na ule wa pili anawakataza kuuweka pamoja na wa kwanza, maana ukizitia zote kwenye pete moja, zitapotea zote siku moja.

Sasa njooni kwenye kompyuta. Kibandani anayo moja kuukuu, ya funguo za magari. Magari ya siku hizi hayataki chuma kitupu; ndani ya ufunguo kuna kidude kinachozungumza na gari, na usipokifundisha lugha ya gari hilo, utakaa ndani unageuza ufunguo mpaka jua lizame. Programu ya kufundishia hivyo vidude ilikuwa na tabia mbaya. Kila ikifunguka ilikitafuta kile kifaa cha kusomea funguo kwenye tundu ambalo silo, ikazunguka weee, mwisho ikasema haijaona kitu. Mteja anasubiri, gari lake limekaa kama gogo, na wifi yangu anatukana kimoyomoyo. Muuzaji wa programu akamwelekeza kwenye simu: ibonyeze picha yake kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, tafuta palipoandikwa mahali programu ilipo, nenda mwisho kabisa wa hayo maandishi, acha nafasi, weka kistari, weka namba ya tundu.

"Wifi! Wifi we, njoo uone!"

Nilivuka barabara na sindano mkononi nikidhani kapata bahati nasibu. Nikaona programu imefunguka. Basi.

"Si inafunguka kila siku?" nikamuuliza.

"Kila siku inafunguka inavyotaka yenyewe. Leo imefunguka nilivyoiambia mimi."

Hapo ndipo alipopatwa na wazimu wake. Akagundua kwamba programu ukiigusa picha yake tu, inaamka kama inavyowaamkia watu wote. Lakini ukiandika jina lake, na nyuma ya jina ukaongeza kistari na herufi, kistari na herufi, inaamka vile unavyotaka wewe: kubwa au ndogo, kimya au na kelele, moja kwa moja kwenye kazi au kwa kuzungukazunguka. Mafundi wa kompyuta wanaviita swichi. Yeye anaviita meno. "Ufunguo usiochongwa unaingia kwenye kitasa lakini haufungui," aliniambia huku ananionyesha mmoja ukiwa bado laini. "Meno ndiyo yanayosema na mlango." Na programu nyingi, akasema, ukizibishia hodi kwa jina lao, kistari na alama ya kuuliza, zinakutajia meno yao zenyewe bila hiyana.

Nyumbani kwake hakukukalika. Mchezo wa wanawe akaufanya ufunguke kwenye kidirisha kidogo, ili saa iliyo pembeni mwa kioo cha kompyuta ionekane na mtu asiseme hakujua kama muda wa shule umefika. Programu ya muziki ikawa inaamka na sauti ya chini. Binti yake mkubwa akaja kwangu kushtaki: "Shangazi, mama ametuchongea meno hata kwenye katuni!" Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilidhani ni mzaha wa mtu mwenye akili nyingi kuliko kazi aliyonayo, na nikaendelea kushona vitabu vyangu.

Kisha kaka akapigwa na kiharusi.

Aliamka asubuhi akaomba maji, na maneno yakatoka yamepinda. Nashukuru Mungu walimkimbiza hospitali haraka. Ulimi ulirudi. Mguu ulirudi, ingawa unaburuta kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia tu, na yeye akawa anauangalia kama kitu cha mgeni kilichosahauliwa pale. Alikuwa mtu wa utani, kaka yangu. Akinyamaza mezani ujue mdomo umejaa. Sasa alinyamaza hata mdomo ukiwa mtupu. Asubuhi mkewe alimfunga vifungo vya shati, na yeye alitazama dirishani mpaka amalize. Iliniuma, nasema kweli. Mtu mzima anafungwa vifungo, na wanawe wanapita.

Lazima niwaeleze kazi yake ilivyokuwa, ndipo mtaelewa alichokuwa anapoteza. Kiwanda chetu kina jadi yake: kitabu hakiendi kwenye mashine mpaka mteja aje aketi kando ya mpangaji, wasome pamoja ukurasa baada ya ukurasa, na kila kosa lisahihishwe papo hapo mbele ya macho yake. Viwanda vingine vinatumiana kwa barua pepe na kulaumiana baadaye. Sisi tunakalishana. Kiti cha mteja kiko pale, cha kaka kiko pale, na miaka yote hiyo kaka ndiye aliyekuwa anakalia. Watu walikuja na hasira wakaondoka na vitabu. Kuna mwandishi mmoja aliwahi kumwambia bosi kwamba yeye haandiki kwa ajili ya wasomaji, anaandika ili apate kuja kukaa na yule bwana wa kurasa.

Bosi wetu si mtu mbaya, msije mkamhukumu. Kaka aliporudi, alimwachia ajaribu. Lakini mkono wa kushoto wa kaka maisha yake yote ulikuwa wa kushikia karatasi tu. Ukipewa kipanya, kishale kinarukaruka kama panzi. Akitaka kufungua anafuta. Akitaka kufuta ananakili. Kioo cha kompyuta yake kikajaa nakala za mafaili alizozitengeneza bila kukusudia, na binti wa mapokezi, mtoto mwenye roho nzuri kweli, alikuwa akipita jioni anamsafishia kimyakimya ili asione haya. Mwisho bosi akamwita. "Bwana mkubwa, kule nyuma kwa dada yako pana kazi ya kuhesabu mafungu ya karatasi. Hakuna kompyuta. Ukae upumue."

Kaka akasema ahsante. Akatoka nje, akasimama akielekea ukuta. Nilimfuata. Tangu tumzike baba sikuwa nimemwona akilia.

"Dada, mimi si wa kuhesabu mafungu," alisema.

Alijipangusa, akarudi ndani, na nikamsikia anamwambia bosi: "Nipe mteja mmoja. Mmoja tu, mbele yako. Nikishindwa, nitakwenda nyuma mwenyewe, hutanisukuma." Bosi akakubali. Akampa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye kitabu cha mazoezi kilichojaa sehemu na vipeuo, mtu ambaye nukta ikikaa vibaya anaugua. Nadhani bosi alitaka jambo liishe mara moja. Mwalimu angekuja mwisho wa mwezi.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana Mama Funguo alivuka barabara na aproni yake, akamwamkia bosi, akaomba ruhusa. "Fanya utakavyo, shemeji, ila usiniharibie," bosi akasema. Akavuta kiti cha mteja, akakaa kando ya mumewe. Mimi nilisimama mlangoni na kipande cha mkate.

"Nionyeshe inavyokukataa," akasema.

Programu yetu inaitwa Kurasa. Kaka akahangaika mpaka akaifungua. Kwanza ikaleta picha yake ya kujisifu. Halafu kidirisha cha karibu chenye wosia wa siku, ambacho hakifungwi mpaka uguse kialama cha msalaba, kidogo kuliko punje ya mtama, pembeni. Halafu orodha ya vitabu vya karibuni, uchague. Halafu ndipo ukurasa ukatokea, mdogo kama stempu, umezingirwa na vijipicha vya zana kila upande. Kaka alilenga kile kialama cha kufungia wosia. Kishale kikaruka, ukaja wosia mwingine. Akalenga tena, ukaja wa tatu. Jasho likamtoka.

"Umeona? Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa," akasema.

"Sikutumi ukavunje chawa," mkewe akamjibu. "Niambie tu, ukifika kwenye ukurasa wenyewe, unashindwa?"

Kaka akafikiri. "Hapana. Nikifika pale natumia vitufe. Vidole vya kushoto vinaandika polepole, lakini vinaandika."

"Kumbe kazi unaiweza. Ni mlango ndio unaokushinda."

Nilitafuna mkate wangu. Wiki zote zile sisi tulikuwa tunautazama mkono. Yeye alikuja mara moja akatazama mlango.

Akaiuliza Kurasa kwa kistari na alama ya kuuliza, ikammwagia meno yake yote, kwa lugha ya watu, na akayafasiri kwa simu neno kwa neno mpaka saa ya chakula ikaisha. Siku iliyofuata akarudi, na iliyofuata. Kulikuwa na n: isilete picha, isilete wosia, isisalimie mtu. Kulikuwa na f: ijae kioo kizima. Na kulikuwa na p, aliyoipenda kuliko zote: ukiandika p na jina la mtu, programu inaamka na mpangilio wa mtu huyo. Basi wakakaa wawili wakautengeneza mpangilio wa kaka. Zana zote pembeni zikaondolewa, ukurasa ukawa mkubwa, na kila kazi ikapewa kitufe ambacho mkono wa kushoto unakifikia. Wakauhifadhi kwa jina lake la nyumbani, kaka. Mwisho kabisa, nyuma ya meno yote, unaongeza jina la kitabu, na kinafunguka chenyewe.

Akachonga picha nne za Kurasa kwenye kioo cha kompyuta, kila moja na meno yake kwa kazi yake, akaziita 1, 2, 3 na 4, ili kaka abonyeze namba na kitufe cha kuingiza, kipanya kikae huko. Namba 2 ilikuwa kitabu cha mwalimu. Kaka alibonyeza 2. Kioo kikawaka, na ukurasa wa kwanza wa hesabu ukajaa mbele yake, mweupe, hakuna salamu wala wosia. Alicheka! Jamani, kile kicheko nilikuwa nimekisahau.

Mimi nikadhani kazi imekwisha. Mama Funguo akamgeukia mumewe na yale macho anayowaangalia wateja.

"Na wa ziada?"

"Wa ziada wa nini tena?"

"Hizi picha ni ufunguo wa kwanza. Kompyuta ikizimika, mtu akizifuta, utafanyaje?"

"Nitakuita wewe."

"Mimi nina wateja wangu. Wa ziada utakaa kichwani mwako."

Kuna njia ya kuita programu bila picha yoyote: unabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na R, kinakuja kisanduku kidogo, unaandika mwenyewe. Hiyo ndiyo aliyotaka ajifunze kwa moyo. Na darasa lilikuwa asubuhi, wakati wa vifungo. Kifungo cha kwanza shingoni, kaka anataja: Kurasa. Cha pili: kistari n. Cha tatu: kistari f. Cha nne: kistari p, kaka. Cha mwisho, juu ya mkanda: hesabu. Akisahau kimoja, mwanamke anavifungua vyote wanaanza upya. Nilipita kwao asubuhi moja nikamkuta kaka kifua wazi, anabembeleza.

"Mke wangu, nachelewa kazini."

"Bila salamu iko wapi? Umeiruka. Hodi ya Kurasa bila n ni kuitiwa wosia. Haya, kutoka juu."

Watoto walikuwa wameshaihifadhi, wanaiimba wakienda shule. Nikamwambia, "Wifi, huyu ni mgonjwa, mwonee huruma." Akanijibu bila kugeuka, "Huruma kaipata ya kutosha. Imemfikisha kwenye kuhesabu mafungu." Ana mdomo, lakini mara nyingi una haki.

Mwisho wa mwezi ukafika. Kiwandani mteja mkubwa akija tunasafisha: wino unafutwa, vipande vya karatasi vinafagiliwa, hata mimi nafunga leso safi. Mwalimu akaingia na miwani yake na kalamu nyekundu mfukoni, akakaa kwenye kiti cha mteja. Bosi akasimama nyuma yao, mikono mgongoni. Mimi nikajipa kazi ya kupanga rafu iliyo karibu na mlango, ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Kaka akawasha kioo. Kilikuwa kisafi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Pale palipokuwa na namba zake hapakuwa na kitu. Imebaki Kurasa ile ya watu wote, peke yake.

Akabonyeza 2. Kimya. Akabonyeza tena.

Binti wa mapokezi alikuwa analeta maji ya mgeni. Aliona uso wa kaka, akatazama kioo, akaiweka trei chini. "Mzee," akanong'ona, "zile... zenye namba? Zote zilikuwa na picha moja. Nikajua ni nakala, mkono umekuteleza kama siku zile. Nikasema nikusafishie kabla mgeni hajaja." Akaongeza, "Na kapu la taka nimelimwaga."

Kwani ungemfanya nini? Alikuwa ametenda wema. Zilifanana kweli, na hapo kiwandani nani asingedhani hivyo? La kuvunda halina ubani. Nilishaweka mguu mmoja nje nikamwite wifi. Ningevuka ile barabara hata kama magari yasingesimama. Kaka akanyoosha mkono wa kushoto, bila kunitazama.

"Dada, kaa."

Nikakaa. Bosi akakohoa. Mwalimu akatazama saa yake, akasema, "Kuna tatizo?"

"Hakuna, mwalimu. Natafuta ufunguo."

Akabonyeza dirisha na R. Kisanduku kikaja. Akaandika kwa vidole vyake vya kushoto, kimoja kimoja, akabonyeza kuingiza. Kioo kikamemeteka, na loo! Picha ya kujisifu. Na nyuma yake wosia wa siku, na ule msalaba wake mdogo pembeni. Nilimwona kaka anaangalia kipanya. Nikajua akikigusa tu tumekwisha, kishale kitaruka, wosia utafuata wosia, na bosi ataweka mkono begani mwake kwa upole, na upole ule ndio utakaommaliza.

Hakukigusa. Alifunga kila kitu kwa vitufe, akarudi mwanzo. Kisha akafumba macho. Mkono wake wa kushoto ukapanda shingoni, ukashika kifungo cha kwanza cha shati. Midomo ikacheza. Ukashuka cha pili, ukatulia hapo, ukakibonyeza kidogo. Cha tatu. Cha nne. Cha mwisho, juu ya mkanda.

Bosi alidhani anaumwa. "Bwana mkubwa, uko sawa?"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilikuwa nimeuma leso yangu nisipige kelele.

Kaka akafumbua macho, akaandika: kurasa -n -f -p kaka hesabu. Akausoma mstari wake kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa anasoma kila kitu. Akabonyeza.

Hakuna salamu. Hakuna wosia. Ukurasa wa kwanza wa mwalimu ukajaa kioo kizima, herufi kubwa, nyeusi, zimenyooka. Na kaka akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kiti chake: "Haya mwalimu. Tuanzie juu."

Mwalimu akainama akasoma. Muda si mrefu akagonga kioo kwa kalamu. "Hii alama ya mgawanyo imekaa vibaya. Aliyeiweka hapa alikuwa anawaza nini?"

"Alikuwa anawaza chakula, mwalimu," kaka akasema, na vitufe vikalia, na alama ikarudi mahali pake. Mwalimu akaguna, wakaenda ukurasa wa pili. Kufika wa nne walikuwa wanabishana juu ya kipeuo cha pili, tena kwa ukali, sauti juu. Yule mzee hakuwa ameona mkono wowote. Alikuwa anaona kitabu chake, na mtu anayebishana naye. Sijawahi kufurahi kusikia ndugu yangu akigombezwa kama siku ile. Bosi alisimama kidogo zaidi, halafu akaenda zake ofisini akaufunga mlango taratibu. Sikusikia tena habari ya mafungu.

Sasa niliruhusiwa kukimbia, nikakimbia. Leso ilianguka katikati ya barabara, dereva mmoja akanitukana, nikamtukana na mimi. Mama Funguo alikuwa anachonga. Mashine inalia, unga wa shaba unaruka. Nikamweleza kwa makelele, yote, picha zilizofutwa, kapu lililomwagwa, vifungo. Niliposema vifungo akazima mashine.

"Alivishika?"

"Kimoja kimoja. Mbele za watu."

Akakaa kwenye kigoda. Akafuta uso kwa nyuma ya mkono, unga ukampaka shavuni, na machozi yakapita humo humo. Nilimkumbatia na aproni yake yote na mafuta yake. Nilimwambia nampenda. Sijui kama nilishawahi kumwambia.

Baada ya kazi kaka alivuka barabara anaburuta mguu, kalamu nyekundu ya mwalimu ipo mfukoni mwake. Mzee kamwachia, sijui zawadi, sijui kasahau. Mkewe alikuwa ameshajiweka sawa, yuko kikazi.

"Kesho saa ya chakula nakuja kukuchongea zile picha upya," akasema. "Na safari hii nitazipa majina, yule mtoto asipate tabu."

"Usije," kaka akasema. "Sizihitaji tena. Nitakuwa naandika mwenyewe kila asubuhi. Ufunguo wa kichwani haufutiki."

Wifi yangu akamtazama. Niliona furaha, na nyuma ya furaha kitu kingine kidogo, kama mtu aliyeshikilia mlango wazi muda mrefu na sasa kaambiwa auachie.

"Basi mimi sina kazi tena kwako," akasema, akajidai anatafuta tupa.

"Na vifungo?" kaka akamuuliza. "Nani atanifunga?"

Akampiga na kitambaa cha kufutia funguo. Halafu akaninyooshea mimi ufunguo aliokuwa ameuacha kwenye mashine, na mwenzake, akaniomba nimpelekee mteja aliyekuwa anasubiri nje, maana yeye alikuwa haoni vizuri.